Msitu wa Kima wa Mto Tana

Mtu wa Kenya akitajiwa hifadhi ya wanyama, mara moja huwaza ndovu wa Tsavo, nyumbu wa Maasai Mara, au vilele vya Mlima Kenya vyenye theluji. Ni wachache wakumbukao kwamba katika nchi ya chini iliyo kavu, baina ya Garsen na Hola, upo msitu mwembamba ufuatao kingo za Mto Tana, na kwamba ndani ya msitu huo huishi kima wa namna mbili wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Mmoja huitwa mbega mwekundu wa Tana. Wa pili ni kima mwenye kishungi, ambaye wataalamu humwita mangabei wa Tana.

Ajabu ya msitu huo ni kwamba ni mtoto wa mlima ulio mbali nao sana. Mvua inyeshayo Garsen na Hola haizidi sana milimita 500 kwa mwaka, nayo haitoshi kuotesha miti mirefu. Maji yaulishayo msitu hutoka juu, katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Vilele vya Mlima Kenya vilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1949, na Aberdare ikafuata mwaka 1950. Kutoka huko mito midogo hushuka, hukutana, na kuwa Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, ambao huenda mwendo wa kilometa zipatazo 1,000 mpaka uingie baharini Kipini. Basi yeye apandaye mlima huona mwanzo wa habari hii, na yeye ashukaye Garsen huona mwisho wake.

GARSEN, MJI WA NJIA PANDA

Msafiri atokaye Mombasa hupita Kilifi na Malindi, kisha huingia katika nchi tambarare ya vichaka. Kutoka Malindi mpaka Garsen ni kama kilometa 110. Karibu na Garsen, mahali paitwapo Minjila, barabara hugawanyika: moja huelekea Witu na Lamu, na nyingine hupanda upande wa kaskazini, ikifuata mto mpaka Hola na Garissa. Siku hizi gari hupita juu ya daraja, lakini watu wazima wa Lamu hawajasahau siku za kivuko cha Garsen, wakati magari yalipongoja zamu yao ukingoni, na mto ulipofurika yakangoja siku nyingi zaidi.

Sokoni Garsen mgeni ataona kwa macho yake jinsi mto ulivyowakusanya watu mbalimbali. Wapokomo huleta maembe, ndizi, mchele na samaki. Waorma huleta maziwa, samli na ng'ombe. Wafanya biashara wa Kisomali, Waswahili wa pwani na Wagiriama nao wana sehemu yao. Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto tangu zamani; mashamba yao hufuata maji, na mtumbwi kwao ni kama baiskeli kwa mtu wa bara. Taifa zima lina deni kwao, ijapokuwa wengi hawalijui. Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta sauti ya wimbo wake wa taifa, ilichukua sauti ya wimbo wa Kipokomo ambao kina mama huutumia kubembelezea watoto.

Nchi hii ina historia ya siku nyingi. Huko Golbanti, chini ya Garsen, mmisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886, Wamasai waliposhambulia kituo. Mwaka uliofuata wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walianza kazi Ngao, na kwa juhudi yao Wapokomo wakawa miongoni mwa watu wa kwanza wa sehemu hizi kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe.

NCHI KAVU NA UKUTA WA KIJANI

Kutoka Garsen kwenda kaskazini, mgeni asiyeijua nchi aweza kukata tamaa. Pande zote mbili za barabara ni miiba, vichuguu vya mchwa na vumbi. Digidigi hukimbia vichakani wawili wawili, na mara moja moja swala twiga huonekana amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo amenyosha, akichuma majani ya juu. Hakuna dalili ya msitu wo wote. Lakini upande wa mashariki, kwa mbali, mtu ataona mstari wa kijani unaofuatana naye safari nzima, kama ukuta usiokwisha. Huo ndio msitu wa Tana.

Njia ndogo huacha barabara kuu na kuelekea mtoni. Udongo wake ni mweusi, mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua hunata hata gari haliwezi kwenda. Kisha, kwa ghafula, jua hufichika. Mgeni aliyekuwa akifuta jasho hujikuta chini ya miti mikubwa, katika ubaridi na harufu ya majani mabichi. Badiliko hilo huja kwa hatua chache tu, kwa kuwa msitu hauna mahali pa kupungua polepole. Pale maji ya chini ya ardhi yanapokoma, na miti hukoma papo hapo. Sehemu nyingine msitu una upana wa mita mia chache tu kutoka ukingoni, na mahali ulipo mpana sana ni kilometa mbili au tatu.

Humo mna mikuyu yenye mashina ambayo watu watatu hawawezi kuyakumbatia, mikwaju, migunga mirefu, na chini yake mikindu iliyosongamana. Viboko hutoka mtoni usiku kula majani, na njia zao huonekana wazi matopeni. Mamba hulala kwenye mchanga. Usiku, mwenye bahati aweza kumwona bundi mkubwa ambaye kazi yake ni kuvua samaki.

Mwalimu mkubwa wa msitu huo ni mto wenyewe. Tana hauridhiki na njia moja. Hula ukingo upande huu, huweka mchanga upande ule, na baada ya miaka huacha njia ya zamani ikawa ziwa dogo. Mwaka 1989 ulibadili njia karibu na Hola, na mashamba ya umwagiliaji yaliyokuwa yametengenezwa kwa gharama kubwa tangu miaka ya 1950 yakabaki bila maji. Hivyo msitu nao huzaliwa na kufa. Mahali mto ulipoweka udongo mpya miti michanga huota, na mahali mto ulipohama miti mikongwe hukauka. Ndiyo sababu msitu wa Tana si mmoja. Ni vipande vipatavyo 70, vingine vikubwa, vingine si vikubwa kuliko shamba la mtu mmoja, vimetawanyika katika sehemu ya mto yenye urefu wa kilometa 60 hivi.

KIMA WAWILI WASIO NA NDUGU

Mwaka 1878 tabibu Mjerumani, Gustav Fischer, alisafiri katika nchi ya Witu na Tana, akakusanya ngozi za wanyama na ndege akazipeleka Berlin. Mwaka uliofuata mtaalamu wa huko, Wilhelm Peters, alizichunguza akaona kwamba miongoni mwake mna kima wa namna mbili ambao hawajaandikwa katika vitabu vya elimu ya wanyama. Wapokomo, bila shaka, walikuwa wakiwafahamu siku zote.

Mbega mwekundu alipewa na Peters jina la Kilatini lenye maana ya "mwenye kilemba chekundu," kwa maana nywele za utosini mwake zina rangi ya kutu, na mgongo wake ni wa kijivu. Ni mnyama wa juu. Hula majani machanga, machipukizi, maua na matunda mabichi, na tumbo lake lina vyumba ambamo majani hukaa na kuchachuka, kama tumbo la ng'ombe. Kidole chake gumba ni kifupi mno, karibu hakipo, lakini huruka kutoka mti hadi mti kwa ustadi wa kushangaza. Chini hashuki ila kwa dharura. Kwa hiyo shamba lililolimwa baina ya vipande viwili vya msitu, ambalo kwa mtu ni mwendo wa dakika chache, kwa mbega ni kama bahari.

Mangabei ni kinyume chake. Ana rangi ya kahawia na kijivu, mkia mrefu, na kishungi cha nywele kichwani kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Muda mwingi wa siku huutumia chini, akifukua majani makavu, akitafuta matunda yaliyoanguka, mbegu na wadudu. Meno yake ni imara sana, hupasua mbegu ambazo wanyama wengine huziacha, na mashavu yake yana mifuko ya kuwekea chakula. Asubuhi na mapema dume hupiga kelele kubwa isikikayo mbali, kama kutangaza mpaka. Yeye aweza kuvuka uwanja mtupu kidogo, ila naye hawezi kukaa bila msitu.

Mgeni akitulia chini ya mkuyu uliozaa, aweza kuwaona wote wawili kwa saa moja, mbega juu na mangabei chini, kama watu wa nyumba ya ghorofa wasiogombana. Pamoja nao wako kima wa kawaida, nyani, tumbili, na usiku komba. Si misitu mingi midogo namna hii yenye jamii nyingi hivi za kima.

Katika miaka ya 1970 wataalamu walianza kukaa huko kwa muda mrefu na kuwafuata wanyama hawa siku baada ya siku. Clive Marsh alichunguza mbega, na Katherine Homewood akachunguza mangabei wa Mchelelo. Tangu wakati huo Mchelelo pamekuwa na kambi ya wachunguzi. Hesabu iliyofanywa mwaka 1994 ilikadiria mbega kuwa kati ya 1,100 na 1,300, na mangabei kati ya 1,000 na 1,200. Msomaji na afikiri: hao ndio wote waliokuwapo duniani. Shule moja kubwa ya sekondari yaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao.

MKINDU MMOJA, WENYEJI WAWILI

Mtu aweza kusema upesi kwamba dawa ni rahisi: watu wakatazwe kukata miti, basi. Lakini atazamaye maisha ya vijiji vya Tana ataona kwamba shauri hili si jepesi.

Autazame mkindu, kwa mfano. Matunda na mbegu za mkindu ni chakula kikubwa cha mangabei, hasa wakati matunda mengine yamepungua. Lakini mkindu huo huo ni mali ya Mpokomo. Majani yake ni ukili wa mikeka na vikapu; shina lake ni nguzo ya nyumba; na utomvu wake hugemwa kuwa tembo. Autazame mkuyu nao. Mbega hula majani yake, mangabei hula tini zake, na mchonga mitumbwi hutafuta shina lake lililonyoka. Ardhi ya msituni ndiyo iliyo nzuri kwa ndizi, maembe na mpunga, kwa kuwa ndipo maji yapitapo. Kima na mkulima wametaka mahali pamoja kwa sababu moja.

Mgeni akimwuliza mzee wa kijijini kwa nini watu hulima ukingoni, karibu na msitu, wala hawalimi kule kwenye uwanja mpana, huenda akajibiwa kwa swali: je, kule kwenye uwanja kuna maji? Na mgeni atanyamaza, kwani amekwisha kuiona nchi hiyo kutoka dirishani mwa gari.

Tena, Mpokomo si peke yake atakaye mto. Wakati wa kiangazi Waorma na wafugaji wengine hushusha ng'ombe zao kutoka nyikani. Tangu zamani palikuwapo na njia maalumu za mifugo, ziitwazo malka, zipitazo kati ya mashamba mpaka majini. Pale njia hizo zilipoheshimiwa, amani ilikuwapo. Pale zilipolimwa, au mifugo ilipoingia mashambani, ugomvi ulitokea. Hapo zamani neno hilo huenda lingemalizwa na wazee. Lakini katika miezi ya Agosti 2012 mpaka Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya kulipizana kisasi sehemu za Tana ya chini, wake kwa waume na watoto. Habari ya kima, basi, haiwezi kutengwa na habari ya watu, wala habari ya miti na ile ya maji.

HIFADHI ILIYOKWENDA MAHAKAMANI

Mwaka 1976 sehemu ya msitu na nyika iliyo kando yake, jumla ya kilometa za eneo 170 hivi, ilitangazwa kuwa hifadhi kwa ajili ya kima hao. Ardhi yake ilikuwa ardhi ya wenyeji chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Tana River. Vijiji na mashamba vilikuwapo tayari, na kwa miaka mingi watu waliendelea kuishi, kulima na kupitisha mitumbwi yao, huku sheria ikisema hivi na maisha yakisema vile.

Mwaka 1996 ulianzishwa mradi mkubwa uliosimamiwa na Benki ya Dunia, kwa fedha za mfuko wa kimataifa wa mazingira. Ndani yake palikuwa na utafiti, ulinzi wa msitu na maendeleo ya vijiji, na pia shauri la kuwahamisha wenye mashamba ndani ya hifadhi kwa hiari yao. Shauri hilo la mwisho ndilo lililoleta moto. Baadhi ya watu walikubali na baadaye wakahamia upande wa Kipini. Wengine walikataa kabisa, wakisema kwamba makaburi ya babu zao yako hapo, na kwamba hawakuulizwa wakati mipaka ilipochorwa. Mradi ulifungwa kabla ya kufikia yote yaliyokusudiwa.

Wenyeji walikwenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuwa imeanzishwa kwa kufuata sheria ipasavyo. Kwa siku moja msitu ambao vitabu vya dunia nzima vilikuwa vimeuandika kuwa salama ulipoteza ngao yake ya kisheria. Wapenzi wa wanyama walihuzunika. Wanakijiji wengi walifurahi. Wote wawili walikuwa na haki ya kuona hivyo.

Fundisho lake ni zito. Mpaka uliochorwa bila mwenye shamba kukubali ni mpaka wa wino. Baada ya kesi ile yalianza mashauri ya namna nyingine. Upande wa mashariki wa mto wananchi waliunda hifadhi ya jumuiya iitwayo Ndera, ambayo wenyeji wenyewe hukaa katika halmashauri yake, na askari wa doria ni vijana wa vijiji vile vile. Wapokomo wana baraza lao la wazee la tangu kale, liitwalo Gasa, ambalo hapo zamani liliamua ni nani alime wapi na ni mti upi usikatwe. Mtu aangaliaye mambo haya ataona kwamba sheria ya nyumbani, ikipewa nguvu, yaweza kufika mahali ambapo sheria ya mbali haikufika.

Lakini hatari haijaondoka. Hakuna mtu mmoja aliyekata msitu wa Tana wote. Huyu amekata kipande cha kupanda migomba, yule mti mmoja wa mtumbwi, mwingine amechoma kichaka na moto ukamshinda. Wazee walisema, chovya-chovya humaliza buyu la asali. Shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile limewaandika kima wote wawili katika daraja la wale walio karibu kabisa kutoweka.

MAJI YALIYOZUIWA JUU

Liko jambo la pili, nalo haliko mikononi mwa Mpokomo wala Mworma. Kati ya mwaka 1968 na 1988 mabwawa matano yalijengwa katika Tana ya juu ili kupata nguvu za umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga peke yake laweza kushika maji mita za ujazo milioni 1,560. Kadhalika sehemu kubwa ya maji yanywewayo Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika Mto Thika, nao ni tawi la Tana. Taa iwakayo katika chumba cha mwanafunzi wa mjini, na maji ayanywayo, yana sehemu yake katika mto huu.

Faida hiyo ni kubwa, wala hapana mtu wa akili aikataaye. Lakini kabla ya mabwawa, mto ulifurika karibu mara mbili kila mwaka, baada ya mvua za masika na za vuli. Mafuriko hayo yalileta udongo wenye rutuba, yakajaza maziwa madogo yenye samaki, yakanywesha mpunga, na yakapeleka maji chini ya ardhi mpaka kwenye mizizi ya mikuyu. Mkulima aliyangojea kama mtu angojeaye mshahara. Tangu mabwawa makubwa yajengwe, mafuriko ya kadiri yamepungua. Miche ya miti ya msituni huota kwa uchache mahali pasipofikiwa na maji, na miti mizee ikianguka haina warithi.

Na pale mabwawa yanapojaa kupita kiasi, maji hufunguliwa kwa wingi na kushuka yote pamoja. Mwaka 2018, na tena mwisho wa mwaka 2023, vijiji vingi vya Tana River vilifunikwa na maji na watu wakakaa kambini kwenye miinuko. Hivyo watu wa chini hupata maji kidogo mno, au mengi mno, nao hawana funguo. Wataalamu wamekwisha shauri kwamba mabwawa yaweza kufungua maji kwa kipimo, katika majira yake, kuiga mafuriko ya zamani. Shauri kama hilo lingefaa kufikiriwa mapema, hasa kwa kuwa kwa miaka mingi umekuwapo mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, liitwalo High Grand Falls.

KWA YEYE ATAKAYE KUZURU

Safari ya kwenda msitu wa kima haina anasa, lakini haishindi mtu wa kawaida. Wakati mzuri ni miezi ya ukavu, Januari mpaka Machi, au Agosti na Septemba; wakati wa mvua njia za udongo mweusi hufungwa. Mgeni na aulize kwanza Garsen au Hola habari za njia na usalama, kisha apige hodi kijijini na kwa askari wa wanyama kabla ya kuingia msituni. Achukue maji ya kunywa, chandarua na viatu vya kufunika mguu. Asiogelee mtoni hata maji yakionekana matulivu, kwa sababu ya mamba.

Zaidi ya yote, achukue kijana wa mahali hapo kuwa kiongozi, na amlipe haki yake. Vijana hao wanajua ni mkuyu upi umezaa wiki hii, na mbega walilala wapi jana. Macho ya mgeni hayataona kitu ila majani. Macho ya kiongozi yataona mkia unaoning'inia. Fedha ndogo aachayo mgeni kwa kiongozi, kwa mwenye mtumbwi, na kwa mama aliyesuka mkeka wa ukili, zina kazi kubwa. Kijiji kipatacho kitu kutokana na mti uliosimama kitafikiri mara mbili kabla ya kuuangusha.

Wakati wa jioni, mitumbwi hurudi kutoka ng'ambo. Mwenye mtumbwi husimama nyuma na upondo wake, mbele wamekaa watoto waliotoka shule na mikungu ya ndizi kati yao. Juu yao mbega hupanda kwenye matawi ya mwisho kutafuta mahali pa kulala. Maji yapitayo chini ya wote hao yalikuwa mvua na umande wa mlimani hapo nyuma. Mlima umefanya sehemu yake. Waliobaki ni watu wa juu washikao maji na watu wa chini washikao panga, na wote wawili yawapasa kukaa baraza moja, kungali mapema.